Shajara ya robo hekta: kiangazi, kisima na mvua ya uongo, Lubumbashi

Aprili 20. Mvua zimefunga

Shamba liko nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga: mita 50 kwa 50. Nyumba na uwanja vinachukua sehemu ya mbele. Nyuma yake kuna matuta 12 ya mboga, kila moja mita 1 kwa 10, yakifuatwa na mita mraba 1,000 za mahindi. Zilizobaki ni muhogo na viazi vitamu. Maji yanatoka kisima kimoja cha kuchimbwa kwa mkono, kipenyo cha ndani mita 1.

Kiangazi cha hapa kila mtu anakijua. Mvua zinakatika Aprili, zinarudi kati ya Oktoba na Novemba, na mwaka ukienda vizuri zinafika milimita 1,200 hivi. Miezi mitano bila tone haimshangazi mkulima wa Katanga. Kinachomaliza shamba ni vitu viwili vingine: mvua ya uongo ya Oktoba, inayomfanya mtu atupe mbegu chini halafu ikatoweka, na siku kumi na kitu za jua kali katikati ya Januari, mahindi yakiwa yanatoa maua. Msimu wa 2023–2024, wakati wa El Niño, hilo la pili lilipiga kusini yetu vibaya hadi Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Unga mwingi wa bukari (ugali) unaoliwa Lubumbashi unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo ukame wa kule unasikika kwenye sufuria za huku.

Mradi huu basi una kazi mbili ambazo hazifanani. Ya kwanza ni kuvusha mboga kiangazi kwa maji ya kisima. Ya pili ni kutengeneza ardhi ya mahindi wakati huu wa jua ili mvua ikikatika Januari udongo uwe bado na akiba.

Mei 4. Kipimo cha kisima

Kabla ya kupanda chochote, kisima kipimwe. Watu wengi hupima kina cha maji tu, wakiona mita tatu wanafurahi. Kina ni akiba. Kinacholisha bustani ni kasi ya maji kurudi.

Kinachohitajika ni kamba yenye jiwe na mafundo kila sm 10, bidoni (dumu) ya lita 20 na saa. Kisima cha kipenyo cha mita 1 kinabeba lita 785 kwa kila mita ya kina, yaani karibu lita 8 kwa sentimita. Tulichota bidoni 30 mfululizo, lita 600. Hesabu inataka maji yashuke sm 76. Yalishuka 72, kwa sababu wakati tunachota chemchemi ilikuwa inaendelea kuingiza. Yalirudi pale pale baada ya masaa mawili na dakika 20. Sm 72 ni lita 565, kwa hiyo kisima kinaingiza kama lita 240 kwa saa.

Hiyo ni Mei, ardhi ikiwa bado imeshiba. Kwa mipango yetu tumekadiria Septemba kuwa robo ya Mei: lita 60 kwa saa. Ukichota mara tatu kwa siku, lita 300 kila mara, unapata 900. Zaidi ya hapo unachota matope.

Mei 11. Hesabu iliyofuta matuta matano

Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja. Ukishika hilo, mengine ni kuzidisha tu. Mboga iliyofunika tuta inakunywa karibu milimita 4 kwa siku wakati wa baridi ya Juni na Julai, na 6 hivi joto la Septemba na Oktoba likifika. Matuta 12 ni mita mraba 120; mara 6 ni lita 720 kwa siku. Lakini arozwari (kopo la kumwagilia) haipeleki yote kwenye mizizi: mengine yanakimbilia njia, mengine yanakauka juu ya udongo. Ukikubali kupoteza asilimia 30, unatakiwa kuchota lita 1,030. Watu wa nyumbani na kuku wanataka 150 juu yake. Kisima cha Septemba kina 900.

Matuta 7 yanataka 600, na 150 za nyumba zinabaki, na kuna pumzi kidogo. Basi saba. Matano yatalala chini ya majani makavu mpaka Novemba. Uamuzi huu uliumiza, kwa sababu mboga ina bei hasa mwezi wa tisa, ila bustani ya matuta 12 inayokauka yote mwezi wa tisa haiuzi kitu.

Katika saba: mawili lengalenga, yaani mchicha (yanavunwa siku 30 tu, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa maji yakipungua), mawili shu (kabichi) ya Kichina, mawili nyanya, moja ngai-ngai (rozela) na kitunguu.

Juni 1. Matuta ya kuzama

Wakati wa mvua tuta linainuliwa ili maji yatoke. Kiangazi ni kinyume, na bado bustani nyingi zinaendelea na tuta la juu mwaka mzima kwa mazoea. Tuta lililoinuka linakaushwa na upepo pande zote tatu, na maji ya arozwari yanateremka njiani.

Tumeshusha matuta yote saba: ondoa udongo wa juu sm 15 uweke pembeni, tifua chini sm 20 nyingine kwa uma, changanya mboji, rudisha udongo wa juu kiasi ambacho uso wa tuta ubaki sm 8 chini ya njia. Udongo unaobaki unakuwa ukingo, upana wa sm 20, uliokanyagwa. Kipimo cha usawa ni chupa ya maji nusu iliyolazwa juu ya ubao mrefu. Tuta la tatu lilikuwa limeinama sm 4 upande mmoja. Siku ya kwanza maji yote yalikusanyika huko, nyanya za upande wa juu zikalegea saa sita mchana. Tulikata tuta hilo vipande vitatu kwa vizuizi vidogo vya udongo, kila kipande kikawa na usawa wake.

Udongo wa hapa ni mwekundu, wenye asidi, unapitisha maji haraka. Dawa yake imesimama katikati ya mashamba yetu yote: kichuguu. Vile vikubwa vya Katanga vina mfinyanzi mwingi na chokaa, na asidi yake ni ndogo sana kuliko ya udongo wa kando. Kwa tuta la mita mraba 10 tuliweka buruweti (toroli) 2 za udongo wa kichuguu uliopondwa na buruweti 3 za mboji. Chukua sehemu ya chini iliyoporomoka, usichimbe kileleni.

Tuta moja tulilitia buruweti 5 za kichuguu bila mboji, kuona. Baada ya kumwagilia mara nne uso ulikakamaa kama sakafu, ukapasuka, na mbegu za lengalenga zikashindwa kutoboa. Mfinyanzi peke yake unaziba. Ni mboji inayoufanya ushike maji na bado upumue.

Juni 22. Matandazo

Tuta moja la mita mraba 10 linataka kilo 7 hivi za majani makavu, unene wa sm 5 baada ya kulala. Tunatumia nyasi ndefu za porini zilizokatwa kabla hazijaangusha mbegu. Ukichelewa hadi Julai unajipandia magugu mwenyewe. Miaka ya nyuma nyasi hizi zilikuwa mlangoni. Sasa makala (mkaa) yamekula pori la karibu na mtu anatembea.

Matandazo yanawekwa miche ikiwa imefika urefu wa kiganja, yakiachwa mbali na shina upana wa vidole vitatu. Tuta la shu lilikuwa linakunywa arozwari 8 za lita 10 kila siku mbili. Baada ya wiki mbili likaridhika na 5. Tunajua kwa kidole: chomeka mpaka kifundo cha pili chini ya majani, kukiwa na ubaridi na udongo unaganda kidoleni, leo hakuna maji.

Mchwa wamekuja, kama ilivyotarajiwa. Wanapenda majani makavu juu ya udongo mkavu, kwa hiyo wanaanza na matuta yaliyolala na kingo. Tumewawekea lundo la mabua na matawi mita 10 pembeni, na wengi wamehamia huko. Kwenye matuta yanayomwagiliwa wanakula polepole, na wanachokula kinarudi udongoni. Hatuweki dawa.

Maji yanatolewa asubuhi. Usiku wa mwezi huu unashuka chini ya digrii 10, na nyanya iliyolala na majani yaliyolowa inaamka na mabaka ya kahawia.

Julai 13. Moto

Kila mwenye matandazo amejitengenezea kuni. Kuanzia sasa hadi Septemba pori linawaka karibu kila wiki: watu wa panya, watu wa makala, au sigara. Tumefyeka ukanda wa mita 4 kuzunguka shamba, tukapalilia mpaka udongo ukaonekana. Kufyeka tu na kuacha majani pale pale hakusaidii, moto unatembea juu yake. Kazi hii tulitakiwa kuimaliza Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi. Lundo la akiba ya majani limehamishwa mita 15 kutoka nyumba, na pipa la lita 200 linabaki limejaa muda wote. Maji ya pipa hilo hayaguswi na bustani.

Agosti 3. Mitungi inashinda matone

Tulijaribu njia mbili za kupunguza maji ya nyanya.

Tuta la kwanza: matone. Pipa la lita 200 juu ya matofali, kimo cha mita 1, robine (bomba la kufungulia), kichujio cha kitambaa, tiyo (mipira ya maji) mbili zenye vitoleo kila sm 30. Kimo cha mita 1 kinatoa msukumo mdogo sana, moja ya kumi ya ule ambao vitoleo vingi vimetengenezewa, kwa hiyo matone ni machache na vitoleo vya mwisho wa tiyo vinapata kidogo kuliko vya mwanzo. Hilo tulilijua. Tulichokisahau ni chuma. Maji ya kisima yanatoka meupe, yakikaa na hewa yanakuwa mekundu, na utelezi huo mwekundu ndio ulioziba vitoleo 19 kati ya 66 ndani ya wiki tatu.

Marekebisho: maji yamwagwe kwenye pipa kutoka juu, yapige kelele, yapate hewa, yalale usiku mzima, robine ifungwe sm 15 juu ya sakafu ya pipa ili utope ubaki chini, mwisho wa kila tiyo ufunguliwe kila Jumamosi kusafisha. Tangu hapo vimeziba vitatu tu. Inafanya kazi, ila inataka mtu wa kuiangalia.

Tuta la pili: mitungi ya udongo ya lita 6, isiyopakwa kitu, iliyofukiwa mpaka shingoni. Mitungi 12 katikati ya tuta, mmoja kila sm 80, nyanya pande zote mbili umbali wa sm 25. Kabla ya kununua, jaza maji mtungi uuache kivulini: baada ya saa moja nje yake iwe na unyevu. Ukibaki mkavu, umechomwa kupita kiasi. Unafaa kwa maji ya kunywa, haufai kwa kazi hii. Mtungi ukidondosha maji, una ufa. Mfuniko ni lazima, vinginevyo unafuga mbu.

Kila mtungi unapoteza lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na hunywesha zaidi udongo ukiwa mkavu. Tuta zima ni lita 24 kwa siku katika joto, wakati tuta la arozwari lenye matandazo linakunywa 35. Unajazwa kila siku mbili. Udhaifu wake ni mmoja: miche michanga haina mizizi ya kufika mtungini, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo unamwagilia juu kama kawaida. Tuliowaona wakisema mitungi haifai, wengi waliiacha miche ife katika wiki hizo.

Agosti 24. Mashimo ya mahindi yanaanza

Hii ndiyo kazi kubwa ya mradi, na inafanyika wakati jirani anafikiri umerukwa na akili: kuchimba ardhi kavu Agosti. Kipimo ni kile kinachotumiwa na wakulima wengi ng'ambo ya mpaka, Zambia: urefu sm 30, upana sm 15, kina sm 20, sm 70 kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine, na sm 90 kati ya mistari. Mita mraba 1,000 zinapata mashimo karibu 1,590. Mistari inakata mteremko. Kamba yenye mafundo kila sm 70 inatuliza mabishano yote.

Jembe la kawaida ni pana mno. Linatoa bakuli, na bakuli linakauka. Tumechukua jembe kuukuu tukalikata mpaka upana wa sm 12, likarefushwa mpini. Watu wawili wanafikisha mashimo 130 kwa siku, alfajiri mpaka saa nne. Sababu ya kina cha sm 20 iko chini ya jembe: miaka ya kulima kina kile kile imetengeneza tabaka gumu kwenye sm 12 hadi 15, mizizi inafika pale inageuka kando, na maji vilevile. Shimo lisipovunja tabaka hilo umechoka bure. Ukilivunja, jembe linabadilisha sauti.

Mabua ya mwaka jana hayachomwi. Yanalazwa kati ya mistari.

Septemba 14. Kujaza

Kila shimo: mboji nusu kilo (kilo 800 kwa jumla, na lundo letu limeisha), juu yake mbolea ya NPK 10-20-10, vifuniko viwili vya soda, gramu 12 hivi, halafu udongo. Acha sm 5 za juu wazi. Nafasi hiyo inashika lita 2 na kidogo kila mvua inapokuja, mahali ambapo zamani zingekimbilia barabarani. Mbolea isikae ikigusana na mbegu: tabaka la udongo la sm 5 katikati.

Kwa kilo 20 za NPK na 10 za urea tutamaliza mita mraba 1,000. Mtu anayerusha kwa mkono shamba zima anatumia zaidi, na nusu inalisha magugu ya katikati.

Septemba 28. Kisima kinashuka, mto unavutia

Kina cha maji: sm 90. Bidoni 15 zilirudi baada ya masaa matano, lita 60 kwa saa. Makadirio ya Mei yalikuwa sawa, jambo ambalo halifurahishi.

Lengalenga zimeachwa. Maji yake yamekwenda kwa nyanya zenye matunda.

Wakati huu ndipo bustani za mji zinakimbilia vijito. Hapa tahadhari si ya kupamba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo ardhi ya kaskazini-magharibi yake ilipokea moshi na vumbi la metali kwa miaka mingi mno. Vijito navyo vinapokea vya viwanda na vya migodi. Karatasi ya kupimia asidi inafaa kwa jambo moja: ikionyesha chini ya 5.5, acha, hayo maji hayaingii bustanini. Ikionyesha 7 haijasema kwamba maji ni mazuri. Kobalti, shaba na risasi hazionekani kwa karatasi. Mboga za majani ndizo zinazobeba zaidi, tena zinaliwa zote. Tumekubaliana: hakuna maji ya kijito hapa, hata kisima kikikauka.

Maji ya kuoshea vyombo yanaelekezwa kwenye kipande cha mita 3 kwa 2 nyuma ya jiko. Pale kuna vikonyo vya viazi vitamu vya kupandia. Novemba kila mtu atavitafuta, na shamba la kiangazi linakuwa limeshaua vya kwake.

Oktoba 5. Kuchimba kisima zaidi

Kisima kinachimbwa maji yakiwa chini kabisa, yaani sasa. Ukikichimba Machi, unachimba akiba itakayotoweka.

Kina kilikuwa sm 55. Fundi amekwenda mita 1.4 chini zaidi, akiteremsha pete za sima za kipenyo cha sm 80 ndani ya zile za zamani, za chini zikiwa na matundu, kokoto sm 20 sakafuni.

Kuhusu uhai wa mtu: pompi ya mafuta haiteremshwi kisimani mtu akiwa ndani, wala haiwashwi mdomoni. Moshi wake unashuka, na sumu iliyo ndani yake haina harufu ya kukuonya. Mshumaa unaoteremshwa kwa kamba unaonyesha hewa ikikosekana. Sumu ya moshi wa mashine hauionyeshi, mshumaa unaendelea kuwaka na mtu anaanguka. Kwa hiyo maji yalitolewa kwa ndoo, watu watatu juu, fundi akiwa na kamba kifuani. Akianguka mtu, wa pili asishuke. Visima vingi vinaua wawili kwa sababu hiyo.

Baada ya kazi: lita 95 kwa saa. Tulitumaini zaidi.

Oktoba 21. Mvua ya uongo

Kipima mvua ni chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, shingo imekatwa na kugeuzwa kuwa faneli, kokoto na maji chini mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, halafu rula. Chupa yenye kiuno inadanganya.

Tarehe 19: milimita 14. Kote unasikia majembe. Mbegu zinaingia.

Tulichimba na kutazama: udongo umelowa sm 11, chini yake ni vumbi. Kwa udongo huu, milimita 25 zinalowesha kama sm 20. Kanuni yetu: hatupandi mpaka kwa siku tano zimejumlishwa angalau milimita 40, na tukichimba unyevu uwe umepita sm 25. Mbegu inataka maji kidogo tu kuota, na hapo ndipo mtego ulipo: inaota kwa milimita 14, halafu inakuta haina pa kwenda.

Tumepanda mashimo 60 kama jaribio, yaliyobaki yamesubiri.

Novemba 13. Kupanda

Tarehe 23 Oktoba zilikuja milimita 9, kisha siku 16 za jua. Katika mashimo 60 ya jaribio, yenye mche hai ni 11. Mbegu ya kununua ikipotea hivyo haitafutwi mara ya pili kirahisi.

Tarehe 9: milimita 21. Tarehe 12: 27. Unyevu sm 33 kwenye mashimo, 24 nje yake. Mbegu ya siku 100 hadi 110, tatu kwa shimo, kina sm 5, kilo 1.7 zimetosha. Miche itapunguzwa ibaki miwili. Kipande cha mita mraba 100 kimepandwa kwa kulima kawaida, siku hiyo hiyo, kwa kulinganisha.

Desemba 15

Palizi ya pili, urea kifuniko kimoja kwa shimo, siku ya 32, udongo ukiwa na unyevu, ikafunikwa. Viwavijeshi wapo kwenye mimea 1 kati ya 8. Ni wale waliotoka bara la Amerika, Afrika inawajua tangu 2016. Majivu na mchanga mkavu kidogo ndani ya moyo wa mche, wiki mbili mfululizo, na kuponda mayai kwa vidole. Mvua kubwa inawazamisha; jua la mfululizo ni sherehe yao.

Januari 19. Siku ya 11 bila mvua

Mvua ya mwisho ni ya tarehe 8. Mahindi yana siku 67, nywele za magunzi zimeanza kutoka. Hakuna wakati mbaya zaidi: mmea wenye kiu unachelewesha nywele, mbelewele inamwaga unga wake kabla nywele hazijafika, na gunzi linabaki na mapengo. Mvua ikija baada ya hapo inakuza majani tu.

Kujikunja kwa majani saa saba mchana si kipimo, kila hindi linajikunja. Tunatazama saa mbili asubuhi. Kipande cha kulima kawaida kimeamka kimejikunja tangu siku ya 6. Cha mashimo tangu leo.

Sasa kazi ya tangi la paa. Bati letu la mita mraba 40 linakusanya, ukitoa upotevu, lita 32 kwa kila milimita. Mvua moja ya milimita 32 inajaza tangi la lita 1,000. Kwa kiangazi tangi hilo ni mzaha, linaisha siku mbili. Kwa leo ni kitu kingine. Lita 1,000 hazitoshi mashimo yote 1,590. Ukizigawa, kila shimo linapata lita 0.6 hivi tu, zinakauka juu. Tumechagua mashimo 330, lita 3 kila shimo, jioni, moja kwa moja kwenye bakuli la shimo, matandazo yakirudishwa juu. Mengine yamebaki na akiba yao ya chini.

Januari 22. Milimita 18 usiku.

Machi 16. Mizani

Mahindi makavu, yaliyopukuchuliwa, kwa kila mita mraba 100: mashimo yaliyopewa maji ya tangi, kilo 36, mashimo bila maji, kilo 31, kulima kawaida, kilo 17. Tofauti kati ya 17 na 31 isipewe mashimo peke yake, maana kipande cha kawaida kilipata mbolea ile ile ya dukani lakini hakikupata mboji. Mwaka ujao kitapewa mboji sawa, kilo 80, tuone shimo lenyewe lina uzito gani. Kilo 5 za ziada kwa maji ya tangi ni chache kuliko tulivyodhani. Tulimwagilia siku ya 11 na tulipaswa kuamua siku ya 8, kwa sababu nywele za mwanzo zilikuwa zimeshatoka.

Magunzi ya mstari wa chini, unaopokea maji ya njia, yana punje mpaka ncha. Mstari wa juu una mapengo. Kabla mvua hazijafunga, mfereji mmoja wa sm 30 utachimbwa juu ya shamba kugeuza maji ya barabara yaingie mstari wa kwanza, na mashimo yote yatasafishwa pale pale yalipo. Hayahamishwi. Mwaka wa pili udongo wake unachimbika kwa nusu ya muda. Lundo jipya la mboji limeanza leo: mabua, samadi ya kuku, majivu ya jiko, na bidoni 4 za maji, maana kisima sasa kina mita 3.4.